Sindano ya Amani: kirusi kinavyopenya mdudu hadi kufika shambani

(Hotuba kwa maafisa ugani, wazalishaji wa mbegu na wanafunzi wa kilimo)

Ndugu Mwenyekiti, wakulima wenzangu, maafisa ugani, na nyinyi vijana mliojazana kule nyuma: asalaam aleikum, Bwana asifiwe, na kwa wote habari za asubuhi.

Waandaaji wameniomba nizungumzie wadudu na virusi vya mimea, tena kwa lugha nyepesi. Lugha nitaipunguza uzito kadiri ninavyoweza. Mambo yenyewe siwezi kuyapunguza, kwa sababu leo tunaingia ndani ya utumbo wa mdudu asiyezidi milimita 3 kwa urefu, tukague seli zake. Huko ndiko kunakoamuliwa mnayoyaona nyinyi shambani.

Kuna maswali mawili nayasikia kila ninapopita vijijini. La kwanza: "Mtaalamu, nimepiga dawa, wadudu nimewaona wamekufa kwa macho yangu, mbona maharage yamepata ugonjwa vilevile?" La pili ni la watu wa muhogo: "Inzi weupe tunaishi nao miaka yote, iweje mwaka huu batobato itumalize?" Watu huyachukulia kama swali moja na hutaka jibu moja, kwa kawaida jina la dawa. Lakini ni maswali tofauti kabisa, kwa sababu virusi havibebwi kwa namna moja.

Wengi wetu tulifundishwa kwamba mdudu ni sindano chafu: anachoma mmea mgonjwa, mdomo unapakaa ugonjwa, anachoma mmea mzima, ugonjwa umehamia. Kwa baadhi ya virusi picha hiyo iko karibu na ukweli, na nitavifikia baadaye. Kwa milia ya mahindi, batobato ya muhogo (ile inayotia majani mabaka ya manjano) na rasta ya nyanya (ile inayoyakunja majani na kuyageuza manjano), inapotosha. Na aliyeonyesha kwamba inapotosha alifanyia kazi yake hapahapa kwetu, Amani, juu kule Usambara Mashariki, wilayani Muheza, miaka zaidi ya 90 iliyopita. Nasikitika kwamba wanafunzi wetu wengi wanamaliza chuo bila kuisikia habari hii, kwa hiyo nitakaa nayo kidogo.

Mtu huyo ni Mwingereza, Harold Haydon Storey. Kabla ya kuja Amani alikuwa Afrika Kusini, na huko ndiko alikothibitisha kwamba milia ya mahindi huenezwa na kidudu kirukaji cha kwenye nyasi, Cicadulina mbila. Mnakifahamu hata kama jina hamlijui: ukipita kwenye majani kinaruka mbele yako, chembamba, rangi ya manjano iliyofifia, kinatua jani la tatu.

Storey alikerwa na jambo moja. Alichukua wadudu wa aina hiyohiyo, akawalisha kwenye mhindi uleule mgonjwa, kisha akamweka kila mmoja kwenye mche wake wenye afya. Wengine waliambukiza. Wengine hawakuambukiza, hata wakilishwa kwenye ugonjwa muda mrefu kiasi gani. Mtu mvivu angesema ni bahati tu. Yeye aliwatenga, akawazalisha wanaoweza peke yao na wasioweza peke yao, halafu akawapandisha wao kwa wao na kuhesabu watoto. Mwaka 1932 akatangaza kwamba uwezo wa kueneza milia unarithiwa, ni tabia tawala (ikitoka kwa mzazi mmoja tu inatosha kujitokeza), na unafuatana na jinsia ya mdudu. Ndugu zangu, hapo tayari habari ya sindano chafu imeingia mashakani. Mdomo wa asiyeweza ni sawa na mdomo wa anayeweza. Tofauti ilikuwa kwingine.

Mwaka uliofuata alitoa jaribio ambalo mimi binafsi naliweka juu ya mengi yaliyofanywa baadaye kwa mashine za gharama kubwa. Alichukua wale wasioweza, akawatoboa tumbo kwa sindano laini mno, kiasi cha kupasua ukuta wa utumbo bila kumuua mdudu. Mdudu wa milimita 3, jamani. Mkono ukitetemeka kidogo tu, amekufa. Walionusurika waliwekwa kwenye mhindi mgonjwa, kisha kwenye miche mizima. Wakaambukiza. Storey akapima pia damu ya wadudu, akaona kirusi kimo kwenye damu ya wale wanaoweza, wakati kwa wasioweza kimo tumboni lakini damuni hakuna.

Maana yake ni kwamba kirusi kilikuwa kinaingia tumboni mwa wote, na kwa wasioweza kilikwama hapohapo. Kilikosa njia ya kutoka utumboni kwenda kwenye damu, na sindano ya Amani ndiyo iliyokifungulia. Kumbukeni pia kwamba mwaka 1933 hakuna binadamu aliyekuwa amewahi kukiona kirusi cha mmea. Storey alikuwa anachora ramani ya safari ya kitu asichoweza kukiona kwa hadubini yoyote aliyokuwa nayo. Kilionekana baadaye sana: mwaka 1974 Kenneth Bock, aliyekuwa akifanya kazi Muguga nchini Kenya, pamoja na wenzake, walichapisha namna ya kukisafisha kirusi cha milia, na kwenye hadubini ya elektroni zikaonekana chembe pacha, mbilimbili, zimeshikana ubavuni. Virusi vya batobato na rasta vina umbo hilohilo. Kila pacha ina urefu wa takriban nanomita 38 na upana wa 22 (milimita moja ina nanomita milioni moja), na ndani yake mmekunjwa duara la DNA, maandishi yake ya urithi, lenye herufi kama 2,700. Basi, ni hivyo tu. Kitu kisichofikisha herufi 3,000 ndicho kinachomaliza heka za mahindi.

Sasa tuangalie huo ukuta wa utumbo.

Utumbo wa mdudu una sehemu tatu. Ya mbele na ya nyuma zimepakwa kwa ndani utando mgumu, wa jamii ya ngozi ya nje ya mdudu, na kila anapojivua gamba utando huo nao unatoka. Sehemu ya kati haina utando huo. Hapo seli ziko wazi, zimejaa vinyweleo vidogo mno vya kufyonza chakula, na hapo ndipo kirusi cha aina hii hupata mwanya. Koti la protini la kirusi linagusa protini fulani iliyo juu ya seli. Vikipatana, ngozi ya seli inabonyea kwa ndani, protini iitwayo clathrini inasukwa kuzunguka kibonyeo hicho, kinakatika, na kirusi kinajikuta ndani ya kimfuko katikati ya seli. Kimfuko kinavutwa kuvuka seli hadi upande wa pili, kinafunguka, kirusi kinatumbukia kwenye damu. Visipopatana, kirusi kinaendelea na safari ya chakula kingine na kutoka na kinyesi.

Wala kuvuka huko si mwisho. Damu ya mdudu ina ulinzi wake. Kwa rasta ya nyanya, watafiti wa Israel waligundua kwamba bakteria wanaoishi ndani ya mwili wa inzi mweupe hutengeneza protini inayojishika kwenye koti la kirusi na kukinusuru kisivunjwevunjwe kikiwa damuni. Yaani kirusi kinapita kwa hisani ya mpangaji mwingine. Kisha linakuja lango la pili, tezi za mate. Si kila seli ya tezi inakubali. Kinaingilia kwenye seli maalumu za tezi kubwa, kinavuka kama kilivyovuka utumbo, ila safari hii kinatokea kwenye mate. Mdudu akichoma mmea anatema mate kwanza, na kirusi kimeshafika.

Watafiti haohao waliipima safari hii kwa saa, na takwimu zao nazipenda. Inzi mweupe akianza kufyonza nyanya yenye rasta, baada ya dakika 10 kirusi kimo kichwani. Dakika ya 40 kimo utumbo wa kati. Dakika ya 90 kimo damuni. Kutoka hapo kinahitaji saa 5 na nusu nyingine ndipo kionekane kwenye tezi za mate. Kwa batobato ya muhogo, vipimo vilivyochapishwa mwaka 1994 vilionyesha kwamba inzi anahitaji kama saa 3 na nusu kwenye mmea mgonjwa ili akipate kirusi, anakaa saa 8 kabla ya kuweza kukitoa, kisha dakika 10 zinatosha kuambukiza. Baada ya hapo anakibeba kwa siku kadhaa, na hata akila mimea mizima tupu, hajisafishi.

Afisa ugani aliyekaa pale mbele anatikisa kichwa. Najua unawaza nini: saa 8 ni muda, dawa inaweza kufanya kazi. Ni kweli kwa inzi aliyezaliwa shambani mwako. Kwa aliyetoka shamba la jirani tayari amebeba, una dakika 10.

Sasa swali la muhogo. Ikiwa lango linategemea mapatano ya koti na seli, je, kirusi kikibadilishiwa koti kitaweza kupanda mdudu mwingine? Kule Uingereza walilijaribu, wakachapisha mwaka 1990. Walichukua kirusi cha batobato, ambacho msafirishaji wake ni inzi mweupe, wakaondoa jeni ya koti, yaani kipande cha DNA chenye maelekezo ya kulitengeneza, na kupachika ile ya kirusi cha kiazisukari kinachoenezwa na kidudu kirukaji. Halafu wakamdunga kidudu kirukaji virusi hivyo mwilini. Kirusi cha muhogo, ambacho katika maisha yake hakijawahi kubebwa na kidudu hicho, kikapita na kuambukiza. Mengine yote yalikuwa yaleyale. Koti tu limebadilika.

Hayo ni ya maabara. Lakini shambani virusi navyo hubadilishana vipande bila kuomba kibali kwa mtu. Janga la batobato lililoanza Uganda mwishoni mwa miaka ya 1980, likashuka hadi Kagera na kuzunguka Ziwa, lilikuwa na kirusi kilichochanganyika: mwili ni wa aina ya Afrika Mashariki, lakini katikati ya jeni ya koti kuna kipande kilichotoka kwenye aina nyingine ya batobato. Sisemi koti hilo peke yake ndilo lililoleta janga. Muhogo ukibebeshwa kirusi hicho pamoja na ile aina nyingine ya batobato unaumia kuliko mara mbili, na inzi weupe nao walikuwa wengi kupita kiasi. Kwa hiyo mama aliyeniuliza "iweje mwaka huu" alikuwa na haki ya kushangaa: inzi aliyemzoea alikuwa amebeba mgeni.

Nimewaahidi virusi vya aina ya pili, vile vinavyokaribiana na sindano chafu. Hapa msafirishaji mkubwa ni kidukari, ambaye wengine mnamwita mdudu mafuta. Virusi vya michoro kwenye maharage, papai na viazi vitamu vimo kundi hili, na kimojawapo cha virusi viwili vilivyoungana kuangusha mahindi ya Bomet, Kenya, mwaka 2011, nacho ni cha kundi hilihili.

Kidukari anapotua kwenye mmea hajui kama ni chakula chake. Anaonja. Kuonja kwenyewe kumepimwa kwa njia inayofurahisha: unachukua waya wa dhahabu mwembamba kuliko unywele, unaubandika mgongoni mwa kidukari kwa gundi yenye madini ya fedha, unachomeka waya mwingine kwenye udongo wa chungu cha mmea, unapitisha umeme hafifu. Mdomo ukigusa mmea, sakiti imekamilika. Ukitoboa seli moja, kwenye skrini mstari unaanguka ghafla, unakaa chini sekunde 5 hadi 10, unapanda tena. Ndani ya sekunde hizo kidukari ametema mate kidogo kwenye seli, kisha amevuta tone la utomvu kuonja. Anapotema ndipo anapoambukiza, na anapovuta ndipo anapookota. Sekunde 10, na ugonjwa umeshahamia au umeshachukuliwa.

Kirusi hicho hakiendi tumboni. Kinang'ang'ania kwenye ncha ya mdomo, na hata hapo hakipakai tu kama tope kwenye jembe. Kirusi kilichosafishwa kikawa peke yake, kidukari hakienezi. Lazima iwepo protini nyingine, ambayo kirusi chenyewe kimeiagiza itengenezwe ndani ya seli ya mmea. Upande mmoja inashika koti, upande wa pili inashika mdomo wa kidukari. Kwa hiyo hata huyu tunayemwita sindano ana kufuli lake.

Na kuna la ajabu zaidi. Wafaransa wa Montpellier walikuwa wakikichunguza kirusi cha koliflawa, ambacho nacho hubebwa na vidukari kwenye ncha ya mdomo. Ndani ya seli ya mmea mgonjwa, ile protini ya kushikia mdomo hukaa imefungwa pamoja kwenye donge moja. Mwaka 2013 walionyesha kwamba kidukari akichoma seli, donge hilo linasambaratika ndani ya sekunde chache na protini inatapakaa seli nzima, tayari kwa kuchukuliwa. Kidukari akiondoka, donge linajikusanya upya. Kirusi hakina ubongo, hakina macho, lakini seli ya mmea imehisi kuchomwa na kirusi kinatumia hisia hiyo. Nimesoma mengi katika kazi hii. Hilo bado linanikosesha usingizi.

Virusi vya namna ya tatu nitavigusa tu, kwa sababu muda unakwenda: vile vinavyozaana ndani ya mdudu mwenyewe. Mjapani Teikichi Fukushi, mwaka 1933 huohuo wa sindano ya Storey, alionyesha kwamba kirusi cha udumavu wa mpunga hupita kutoka kwa mdudu mama kwenda kwa watoto kupitia mayai. Mdudu hapo si mbebaji tena, ni mgonjwa mwenzake mpunga.

Turudi shambani, kwa bwana wa maharage. Dawa yake iliua vidukari, sibishi. Lakini dawa nyingi huchukua dakika kuua, na kidukari alihitaji sekunde. Mbaya zaidi, dawa nyingine humsumbua kabla ya kumuua, akahangaika mche hadi mche akionjaonja. Huko kupiga dawa dhidi ya kirusi cha sekunde 10 mimi nakuita kutupa fedha, na nawaomba maafisa ugani muache kukupendekeza. Wazalishaji wa mbegu za viazi mviringo katika nchi nyingi hunyunyizia mafuta mepesi ya madini, ambayo huvuruga ule mshiko wa kwenye ncha ya mdomo. Mkulima wa kawaida ana njia nafuu zaidi: mbegu safi, kuwahi kupanda, na kung'oa mche mgonjwa siku unapouona, usisubiri Jumamosi.

Kwa milia, batobato na rasta, kumpunguza mdudu kuna maana kwa sababu muda upo. Lakini muda huo ni wa wadudu wako tu. Kwa muhogo bado jambo la kwanza ni pingili safi, yaani vipande vya shina vya kupandia. Hakuna inzi anayeweza kushindana na lori la pingili zenye ugonjwa.

Nimalizie na jambo linalonisumbua kama mtafiti. Tumezalisha mihogo inayostahimili batobato, na imetusaidia sana, asiikatae mtu. Lakini tulichokizuia ni kirusi. Mdudu tulimwacha, na baadhi ya mihogo hiyo inzi weupe waliipenda, wakajaa chini ya majani hadi ukitikisa mmea unaona vumbi jeupe linaruka. Inzi haohao ndio wanaoeneza michirizi ya kahawia, ile inayoozesha muhogo ardhini huku majani yakikudanganya. Kirusi cha michirizi hakivuki utumbo kwenda damuni. Inzi anakishika kwa muda mfupi, na kwenye vipimo amekipoteza ndani ya siku mbili. Kinakaa kidogo, lakini wabebaji wakiwa maelfu kwa kila mmea, hicho kidogo kinatosha.

Kwa hiyo mkiletewa mbegu mpya ya muhogo, msimuulize mtafiti kuhusu batobato na mavuno peke yake. Mwulizeni na hili: inzi wangapi kwa kila jani? Kama hajahesabu, mrudisheni akahesabu. Na mimi mkinikuta na jambo hilo sijalifanya, mnirudishe vilevile.

Ahsanteni. Tuanze na maswali. Yule mama wa muhogo kule dirishani aanze, ameinua mkono tangu nilipotaja Kagera.